Kuosha Nyavu Baada ya Usiku Mtupu

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Luka 5:1–11, Wafilipi 3:4–14, Nehemia 2:11–16, Hagai 1:3–11.



Jumapili iliyopita, ibada ya pili ilipofikia maombi ya kazi na biashara, mchungaji aliwaita mbele wote wanaomwamini Mungu kwa mlango mpya. Nilitazama nyuma nikaona viti vimebaki karibu vitupu. Changamwe nzima inaomba mlango mpya. Mimi mwenyewe nimekwenda mbele na ombi hilo miaka mingi, nimefunga, nimekesha, nimepanda mbegu. Wiki hii nimeombwa niandike somo la kazi, na nimeona niandike juu ya jambo ambalo katika miaka hiyo yote sikuliombea hata siku moja, yaani ule mlango wa zamani na sababu ya kufungwa kwake.

Tufungue Luka 5. Sura hii tunaipenda kwa sababu ya samaki. Tunaihubiri kuanzia pale nyavu zinapojaa, na tunapaza sauti kwa sababu hata neno ambalo Yesu alimwambia Simoni limo mdomoni mwetu kila siku: amwambia aende kilindini. Sisi watu wa Mombasa tuna Kilindini yetu, na wengi wetu chakula chetu kimetoka huko. Lakini hebu rudi nyuma kidogo, mstari wa pili. Yesu alipofika pale ufuoni aliwakuta wavuvi wakifanya nini? Walikuwa wakiosha nyavu.

Sasa jiulize. Watu wamekesha usiku kucha, hawakupata hata dagaa wa mboga. Wamechoka, wana njaa, na nyumbani wataulizwa. Kwani wavu ambao haukushika kitu unaoshewa nini? Mimi ningeutupa ndani ya chombo niende nikalale.

Swali hilo nilimpelekea mzee mmoja wa Timbwani, kule Likoni, ambaye amevua tangu ujana wake. Alinicheka. Akaniambia usiku mtupu ndio unaohitaji wavu uoshwe zaidi, kwa sababu ndipo utakapojua kama ni bahari iliyokunyima au ni wavu wako. Unaponyosha wavu juani na kuutoa mwani, unaona matundu. Na tundu, akasema, lina habari yake. Lililokatwa na mwamba halifanani na la kaa, na lote mawili hayafanani na la papa. Ukiona la mwamba, unajua ulitega mahali pabaya. Ukiona uzi umeoza wenyewe, hapo usimlaumu samaki wala mwamba.

Nilivuka feri kurudi nikiwa kimya. Nilikuwa nimehubiri Luka 5 mara nne na sikuwahi kuona kwamba muujiza ule uliwakuta watu wakiwa katikati ya kukagua kazi ya jana.

Tazama pia jibu la Simoni katika mstari wa tano. Kabla ya kutii alitoa taarifa, nayo ilikuwa fupi kabisa: tumefanya kazi, muda ni usiku kucha, matokeo ni sufuri. Basi. Hakutaja mchawi, hakutaja jirani mwenye kijicho, hakusema mbona wa chombo kile wamepata. Aliijua hali yake kama ilivyo akaisema kama ilivyo, kisha akashusha nyavu. Na zile nyavu zilipopata samaki wengi zilianza kukatika, Luka anasema hivyo mstari wa sita. Sasa fikiria kama zingeshushwa na matundu yake ya jana.

Najua kuna mpendwa ameshanyanyua kidole. Atasema, “Lakini mzee, Paulo alisema anayasahau yaliyo nyuma.” Ni kweli, ni Wafilipi 3:13, na andiko hili tunalipenda sana, hasa mtu akiwa na jambo nyuma ambalo hataki liguswe. Mimi nililibandika kwenye mlango wa ofisi. Ila soma sura yote, usianzie mstari wa kumi na tatu. Kuanzia mstari wa nne hadi wa sita huyo huyo Paulo amekwisha kuyataja yaliyo nyuma moja moja: kabila lake, elimu yake, bidii yake, hata jinsi alivyoliudhi kanisa. Halafu mstari wa saba anafanya hesabu, lipi faida, lipi hasara. Ndipo anasema anasahau. Alisahau baada ya kuhesabu. Sisi tunataka kusahau ndipo tusihesabu.

Sasa nieleze yangu, maana somo hili sikulipata chuo cha Biblia.

Nilianza kama karani katika kazi ya kutoa mizigo bandarini, hii tunayoiita kliaringi, na baadaye nikafungua ofisi yangu ndogo Magongo, chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Mwaka 2015 tulikuwa watu watano. Mnakumbuka yaliyofuata. Treni mpya ilianza kuchukua abiria pale Miritini Juni 2017, na makontena yakafuata Januari 2018. Mwaka 2019 likatoka agizo kwamba mizigo inayokwenda bara ipande treni, ushuru wake ukamalizwe Nairobi. Madereva wa trela wakakosa safari, yadi za makontena zikabaki na mbwa na walinzi, mama zetu wa vibanda vya chakula wakarudi nyumbani na sufuria zimejaa. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Oktoba mwaka huo mimi nilifunga ofisi.

Ushuhuda wangu kuanzia hapo ulikuwa mmoja: reli ndiyo iliyoniua. Nilipoulizwa na ndugu, na wakwe, na washirika, jibu lilikuwa hilo. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaamua kwamba agizo lile halikufuata sheria, nami nikapiga vigelegele kama mwanamke. Septemba 2022, rais mpya siku ya kuapishwa kwake akatangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo itarudi Mombasa. Nilisimama katikati ya ibada nikasema, “Amefungua!” Kanisa likaitika. Februari 2023 nikafungua tena, chumba kile kile.

Agosti 2024 nikafunga tena.

Hapo sikuwa na la kusema. Mwenye mzigo alikuwa huru kuchagua barabara au reli, na wenzangu wawili mtaa ule ule walikuwa wanaajiri. Usiku ule mke wangu aliniuliza swali taratibu, bila ubaya: “Baba, mara ya kwanza tulisema ni reli. Mara hii tuseme ni nini?”

Nilikasirika. Ijumaa nikaenda kesha nikakemea kila roho ninayoijua jina. Sisemi hakuna vita vya kiroho, wapendwa, msije mkanielewa vibaya, nimeviona. Lakini niliporudi asubuhi nilikuta mke wangu ametoa maboksi mawili ya faili chini ya kitanda, ameyaweka katikati ya chumba pale ambapo huwezi kupita bila kuyaruka, naye amekwenda sokoni. Hakuacha neno.

Nehemia alifika Yerusalemu akakaa siku tatu, ndipo akatoka usiku na watu wachache kuukagua ukuta. Hakumwambia mtu alichokusudia. Alipita lango kwa lango akiangalia palipobomoka na palipoteketea, hadi akafika mahali ambapo mnyama aliyempanda hakuwa na pa kupita kwa sababu ya kifusi. Matofali yalikuwa bado, michango ilikuwa bado, wimbo wa “tutajenga” ulikuwa bado. Kwanza alikiangalia kifusi kwa macho yake. Mimi pia ilinichukua jioni tatu, mlango umefungwa, na kuna faili nilizipita kwa shida kama yule mnyama.

Zilikuwa faili 212. Nilizipanga sakafuni mafungu mawili: kazi iliyonilipa, na kazi iliyonila.

Kwa wasiojua kazi yetu, kontena la mzigo wa humu nchini likishuka bandarini lina siku nne za kukaa bure. Zikipita, kila siku ina malipo yake, na mwenye meli naye ana malipo yake ya kucheleweshewa kontena. Kwa hiyo ufundi wote wa kliaringi uko kabla ya meli kufika: je, hati ya shehena ipo, vibali vipo, pesa za ushuru zipo? Mwaka 2016 nilifanya kazi 68. Katika 29 kati ya hizo nililipa faini za kuchelewa kutoka mfukoni mwangu. Nikaanza kusoma kwa nini. Kila moja, ndugu zangu, kila moja nilikuwa nimeipokea karatasi zikiwa hazijatimia. Mteja anasema, “Hati inakuja kesho,” nami nasema hakuna shida. Niliogopa kwamba nikisema hapana ataenda kwa jirani. Wengine niliwalipia hata ushuru kwa pesa yangu, wakaahidi wataleta mzigo ukiuzwa. Baadhi yao tunakutana hadi leo Magongo wananisalimia kwa furaha.

Hagai anazungumza na watu wanaopata mshahara na kuutia katika mfuko uliotoboka. Mara mbili katika sura moja, mstari wa tano na wa saba, Bwana anawaambia wazitafakari njia zao. Siku zote nilidhani mfuko wangu umetobolewa na adui. Jioni ile niliona mkasi mkononi mwangu.

Kisha nikaona lililoniumiza zaidi. Nilitafuta faili za mwisho za wateja wangu watatu wakubwa, wale waliokuwa wakilipa kodi ya ofisi. Moja ilikuwa ya Machi 2016, ya pili Juni, ya tatu Novemba mwaka huo huo. Treni ilianza kubeba makontena Januari 2018. Walikuwa wameondoka kabla, na mimi kwa miaka mitano nilimwambia Mungu na watu kwamba waliondolewa na reli.

Ila nisijipige kupita ukweli, maana hilo nalo ni uongo. Mwaka 2018 na 2019 kweli kazi zilipungua, na yadi zilizokuwa zikiendeshwa vizuri kabisa zilifungwa pia. Mzee wa Timbwani angesema kuna siku za bamvua na kuna siku za maji mafu, na hakuna mvuvi anayeamrisha maji. Kukagua kazi ya nyuma ni kutenganisha: hili lilikuwa la bahari, hili lilikuwa la wavu. Anayesema yote ni ya bahari hatashona kitu. Anayesema yote ni ya wavu atakufa kwa huzuni, na nadhani hapo ndipo Yuda alipopotea. Petro naye alikumbuka, akalia sana, lakini asubuhi nyingine akawa ufuoni anaulizwa maswali na Bwana wake, mara tatu, na akayajibu.

Tena kuna jambo ambalo nisingeligundua kama ningetafuta makosa tu. Katika zile faili kulikuwa na 41 za magari, haya magari yaliyotumika yanayotoka Japani. Kazi hiyo niliidharau, niliiona ya vijana wanaoanza. Kumbe katika 41, mbili tu zilikuwa na faini. Nikajiuliza, mtu huyu mmoja, ofisi hii moja, mbona hapa alikuwa safi? Nikakumbuka. Gari halipokelewi kienyeji. Lazima liwe la usukani wa kulia, lisizidi miaka minane, na liwe limekaguliwa huko huko kabla ya kupakiwa melini. Likikosea huna pa kulipeleka. Kwa hiyo kwenye magari nilikuwa naangalia karatasi kwanza, zikikosekana nakataa. Kwenye makontena nilikuwa napokea kwanza, naangalia baadaye. Uangalifu nilikuwa nao miaka yote. Niliuweka upande mmoja wa meza.

Na tukiwa hapo Japani: kiwanda cha Toyota, ambacho magari yake yamejaa kwenye barabara zetu, kina desturi inayoitwa hansei. Kazi ikiisha watu wanakaa chini waseme palipopungua, na wanafanya hivyo hata kama kazi imefaulu. Sisi tukifaulu tunatoa ushuhuda na sadaka ya shukrani, ambavyo ni vyema, halafu tunakwenda nyumbani bila kujua ni kitu gani tulichofanya sawasawa. Mwaka ujao hatuwezi kukirudia.

Siku hizi nimepanga meza moja katika ofisi ya mwenzangu hapa Changamwe. Nafanya magari tu. Karatasi zisipotimia namwambia mteja, kwa heshima, arudi zikitimia, na wengine hawarudi. Kila kazi ikiisha naandika ukurasa mmoja wa daftari siku ile ile: nilipokea lini, nilimaliza lini, ilinigharimu nini, na kama ni ya bahari au ni ya wavu. Sijatajirika. Sijalipa faini ya mfukoni mwangu kwa miezi saba.

Ushirika wa nyumbani wa Jumatano hii, katika kanda zote, viongozi wameomba kila mtu aje na kazi moja iliyoisha. Muuza samaki aje na mwezi mmoja, fundi aje na mjengo mmoja, aliyefutwa aje na ajira yake ya mwisho. Kama una daftari au risiti, zilete. Kama huna, andika unachokumbuka, ila usiandike majina ya watu wengine. Kabla hatujaombea mlango mpya, kila mmoja aseme kwa maneno machache kama ya Simoni: nilifanya nini, kwa muda gani, nilipata nini. Tusiingilie mwenzetu akisema, na yanayosemwa yasitoke kwenye ile nyumba.

Nitawatangulia kwa faili moja, ambayo mke wangu amenikubalia niitaje.

Iko chini kabisa ya boksi la pili. Ni ya mwaka 2017. Mama mmoja wa mitumba, Kongowea, aliagiza kontena na wenzake wawili. Tuliweka dhamana ya kontena kwa mwenye meli, na kontena lilipokuwa tupu tukalirudisha salama. Dhamana ilirudi kwangu, shilingi 45,000. Kodi ya ofisi ilikuwa imefika. Nilimwambia yule mama kwamba imekatwa faini yote, na hata kwenye faili niliandika hivyo kwa mkono wangu, “imekatwa”. Hakuna reli hapo, wala agizo la serikali. Nililia kwenye faili ile kuliko nilivyolia makesha yote.

Zakayo alisema atarudisha mara nne. Mimi hata mara moja sikuwa nayo. Nilikwenda Kongowea Jumamosi moja saa tatu asubuhi na shilingi 6,000, nikamkuta bado yuko kwenye kibanda kile kile, amezeeka kidogo kama mimi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, watu wanapita na magunia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikaribisha kukaa. Akapokea pesa, akazihesabu mara mbili, akavuta kutoka chini ya meza daftari lenye jalada jeusi lililochakaa, akafungua nyuma sana, akapata ukurasa. Jina langu lilikuwapo. Akaandika.

“Bado elfu thelathini na tisa, mzee,” akasema. “Nakungoja mwezi ujao.”